Mama Zetu Wasiambiwe "Rudi Kesho"

Wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Twajua wako watakaotulaumu na kuuliza: gazeti la wananchi lina haja gani na maradhi ya siri ya wanawake? Jibu letu ni fupi. Maradhi yanayoua maelfu ya mama zetu kila mwaka si siri ya wanawake. Ni jambo la taifa zima, na tukilinyamazia tutakuwa tumeshiriki katika kuwazika.

Maradhi yenyewe ni saratani ya mlango wa kizazi. Kwa makisio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipatwa nayo katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa. Gawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka, utaona kwamba kila jua linapokuchwa akina mama 16 na zaidi wamekwisha kutuaga. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi namna hiyo katika nchi hii. Lau basi moja lingepinduka kila siku na kuua akina mama 16, Bunge lingekaa usiku na mchana. Lakini hawa hufa mmoja hapa na mmoja pale, ndani ya nyumba, kwa maumivu makali na kwa kimya, basi hakuna anayeshtuka.

Tazameni na dunia nzima. Mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walikufa kwa saratani hii, na katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa nchi maskini na za kipato cha kati. Je, maradhi haya yanawachukia maskini? La! Wenzetu wa nchi tajiri hupimwa mapema, hutibiwa mapema, wakaishi. Sisi wengi wetu hatujapimwa hata mara moja, na tunapofika hospitali ya Ocean Road kule Dar es Salaam, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuwa mkubwa.

Kwanza na tuelewane jinsi maradhi haya yanavyokuja, kwa maana adui usiyemjua huwezi kumshinda. Huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho mwanadamu hukipata kwa kujamiiana. Watu wengi mno hukipata wakati fulani wa maisha yao, wanaume kwa wanawake, na miili ya walio wengi hukifukuza yenyewe kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa hiyo mama aliyepatikana nacho asitukanwe wala asiulizwe alikuwa wapi. Kwa wachache kirusi hakiondoki. Hapo huanza kuziharibu chembe za mlango wa kizazi pole pole, na safari hiyo mpaka saratani huchukua miaka 15 hata 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata matibabu, safari huwa fupi, miaka 5 hata 10. Na mwanamke mwenye virusi hivyo hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya mwenzake.

Angalieni basi. Adui anayetembea miaka 15 kabla ya kubisha hodi ametupa nafasi ya kutosha kumkamata njiani. Kabla chembe hazijawa saratani, dawa yake ni kazi ya dakika chache. Anayekufa kwa maradhi haya hafi kwa kuwa dawa haipo. Anakufa kwa kuwa hakuna aliyemtazama katika miaka yote hiyo.

Wenzetu walianza zamani kutazama. Daktari George Papanicolaou, Mgiriki aliyefanya kazi New York, alionyesha mwaka 1941 kwamba chembe zilizochukuliwa kwa mwanamke na kutazamwa kwa hadubini zaweza kufichua saratani hii. Kipimo hicho, ambacho huitwa Pap kwa kifupi cha jina lake, kimeokoa wanawake wengi sana Ulaya na Marekani, wala hatukibezi. Lakini hatuna budi kuuliza: kinataka nini?

Kinataka mlolongo mrefu. Chembe huchukuliwa, hupakwa juu ya kioo, hupelekwa maabara, hutazamwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Jibu huja baada ya majuma. Likiwa baya, mama huitwa tena akatazamwe kwa darubini na kukatwa kinyama kidogo; hicho nacho hupelekwa maabara; kisha huitwa mara ya tatu kwa ajili ya tiba. Na baada ya miaka mitatu au mitano safari huanza upya.

Hata kwa matajiri mlolongo huo ulikwama. Uingereza walianza kupima kwa njia hiyo katika miaka ya 1960, lakini kwa muda wa miaka zaidi ya 20 alipimwa yule aliyebahatika kufika kwa daktari, na vifo havikupungua kama ilivyotumainiwa. Mwaka 1988 wakaweka daftari la wanawake wote, kila mmoja akaitwa kwa jina lake kwa barua. Ndipo vifo vikaanza kushuka kwa kasi. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni mpango wa kuhakikisha kwamba kila mwanamke anafikiwa na hapotei njiani.

Sasa tumchukue mama wa kijiji cha mbali, tuseme katika wilaya ya Liwale. Amelima mpaka saa nne, amebeba mtoto, ametoa nauli aliyoikopa, amefika. Mwambie arudi baada ya mwezi kuchukua jibu. Atarudi? Wengine watarudi. Wengi hawatarudi, wala si kwa ujinga. Nauli ya pili ni debe la mahindi ya watoto wake. Kipimo kinachomtaka mama huyu aje mara tatu kimemkataa tangu mara ya kwanza. Madaktari wetu wa kusoma chembe ni wachache mno, na hao wachache wako mijini. Kusema kwamba tungoje mpaka kila wilaya iwe na wake ni kusema kwamba mama wa leo na afe.

Hapo ndipo nchi changa zilipotafuta njia yao, na njia ya kwanza ni siki.

Ndiyo, siki, ndugu ya ile tunayotia katika achari. Mwuguzi au mkunga aliyefundishwa hupaka mlango wa kizazi dawa ya siki yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, hungoja dakika moja, kisha hutazama kwa macho yake na taa nzuri. Mahali palipoharibika hugeuka peupe. Jibu hupatikana mama angali amelala kitandani. Doa likiwa dogo na la kufaa, hutibiwa papo hapo: ama hugandishwa kwa gesi ya baridi kali, ama huunguzwa kwa joto la kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachotumia betri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia kifaa hicho cha joto mwaka 2019, na faida yake kwetu ni kubwa, kwani hakihitaji mitungi ya gesi kubebwa juu ya pikipiki. Doa likiwa kubwa, mama hupelekwa hospitali likakatwe kwa waya wa umeme.

Lakini sisi hatuna desturi ya kuwaficha wasomaji wetu udhaifu wa jambo tunalolipenda. Jicho ni jicho. Mwuguzi mmoja huona doa pasipo na doa, mwingine hulikosa lililopo. Asiyefundishwa tena na tena husahau. Na kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, sehemu inayotakiwa kutazamwa hurudi ndani, siki isiweze kuionyesha. Kwa hiyo wanaosema siki peke yake yatutosha milele, hao nao twawakatalia.

Ushahidi uko India, nchi iliyo na vijiji kama vyetu na umaskini kama wetu. Katika wilaya ya Dindigul wauguzi walipima kwa siki mara moja, na mama aliyeonekana na doa la kufaa alitibiwa kwa kugandishwa katika safari hiyo hiyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha vifo vimepungua kwa asilimia 35. Katika mitaa ya wanyonge ya Mumbai, wanawake wasio madaktari wala wauguzi walifundishwa kwa majuma machache, wakapima kwa siki mara nne, kila baada ya miaka miwili. Vifo vikapungua kwa asilimia 31. Na katika wilaya ya Osmanabad walijaribu vipimo vitatu, kila kimoja kwa kundi lake: Pap, siki, na kipimo cha kukitafuta kirusi chenyewe. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba kipimo cha kirusi, kwa kufanywa mara moja tu, kilipunguza vifo karibu kwa nusu, na hivyo vingine viwili, kwa mara moja, havikuleta upungufu ulio dhahiri.

Hatusahau kwamba katika majaribio hayo waliwekwa wanawake wengine wasiopimwa, ili walinganishwe na wenzao, na baadhi yao walikufa. Jambo hilo lilishutumiwa sana, na lilistahili kushutumiwa. Elimu hii imelipiwa kwa roho za wanawake maskini. Kuiacha ikae ndani ya vitabu ni kuwaua mara ya pili.

Njia ya pili basi ni hiyo ya kukitafuta kirusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hicho ndicho kipimo cha kutangulizwa: kwa wanawake wote kuanzia miaka 30, mara moja kila miaka 5 hadi 10, na kwa wenye virusi vya UKIMWI kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Uzuri wake ni mwingi. Hakitegemei jicho la mtu. Chaweza kurudiwa baada ya miaka mingi. Tena mama aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti laini, faraghani, bila kuvuliwa nguo mbele ya mtu yeyote. Ninyi mnaojua haya ya mama zetu, hasa wanapokutana na mwuguzi wa kiume, mtaelewa kwamba jambo hilo si dogo.

Wala msidhani mashine yake ni ndoto. Ile mashine ya GeneXpert, inayotumika katika hospitali zetu kupima kifua kikuu, yaweza kupima na kirusi hiki, na jibu hutoka kwa muda wa kama saa moja. Mashine tunayo. Kinachokosekana ni vibweta vya kupimia, umeme usiokatika, na uamuzi.

Hata hivyo twatoa onyo. Mashine ikikaa mjini, vijiti vikasafiri kwa gari la juma lijalo, na majibu yakalala kabatini mwezi mzima, tutakuwa tumerudi kule kule kwenye mlolongo wa Pap, tofauti ikiwa bei tu. Na tukumbuke kwamba kipimo hiki huonyesha kirusi, hakionyeshi kama pameharibika. Mama mwenye kirusi bado yampasa kutazamwa, na hapo siki yaweza kurudi kazini. Kwa hiyo ugomvi wa wataalamu, huyu akivuta upande wa siki na yule upande wa mashine, kwetu hauna maana. Mwenye shamba haulizi jembe na panga lipi ni bora. Huuliza kazi iliyo mbele yake.

Wako wasomi wanaosema kwamba siki ni kipimo cha maskini, na kwamba kumpa Mwafrika siki ni kumdharau. Twawaheshimu, lakini twawauliza: dharau ni ipi, kumpima mama leo kwa siki na kumtibu leo, au kumwahidi mashine ya kesho na kumzika leo? Lusaka, mji mkuu wa jirani zetu wa Zambia, walianza mwaka 2006 kwa siki, wauguzi wakiwa ndio wapimaji. Wakapiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera ndogo, na daktari akaweza kuitazama kazi yao na kuwasahihisha. Hawakungoja utajiri.

Na wako viongozi wanaosema kwamba wafadhili wataleta. Hao twawakumbusha mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake, na zahanati nyingi za Afrika zikabaki na milango wazi bila wahudumu. Mlango wa kizazi wa mama wa Kitanzania hauwezi kutegemea uchaguzi wa watu wa nchi nyingine. Cha kuazima hakisitiri matako. Wahenga walisema, nasi tumeona.

Basi sisi twadai mambo manne.

La kwanza, siku moja. Popote mama anapopimwa, pawe na kifaa cha kumtibu hapo hapo. Kituo chenye siki bila kifaa cha tiba, au chenye mashine bila mtu wa kutibu, kisihesabiwe katika taarifa kuwa kimefanya kazi. Tusihesabu waliopimwa, tuhesabu waliopatikana na doa na wakatibiwa.

La pili, daftari. Kila zahanati iwe na orodha ya wanawake wa eneo lake kuanzia miaka 30, waitwe kwa zamu, na asiyekuja aulizwe kwa upole ana kizuizi gani. Mabalozi wa nyumba kumi na wahudumu wa afya wa vijiji watusaidie kupeleka habari, lakini wasijue majibu. Jibu ni siri ya mama na mwuguzi wake. Siri ikivuja mara moja, wanawake 100 hawataonekana tena.

La tatu, fedha yetu wenyewe. Vibweta vya mashine, mafunzo ya kila mwaka ya wauguzi na matengenezo ya vifaa viandikwe katika bajeti ya Serikali kama tunavyoandika chanjo na vyandarua. Tukinunua kwa pamoja na jirani zetu, bei itashuka. Mnunuzi mmoja mmoja ndiye anayepigwa bei.

La nne, tusiwatupe wanaoonekana na saratani yenyewe. Kupima bila kutibu ni ukatili. Upasuaji na mionzi visogezwe karibu na mikoa, mgonjwa asaidiwe nauli na mahali pa kulala, na yule asiyeweza kupona tena apewe dawa ya maumivu ya kutosha, afe akiwa mtu.

Haya si makubwa kuliko ahadi tuliyokwisha kuitoa. Mwaka 2020 dunia ilipatana katika Shirika la Afya Duniani kwamba ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha hakika wafikapo miaka 35 na tena 45, na wagonjwa 90 katika 100 wawe wanatibiwa. Nchi yetu ni mshirika wa mapatano hayo.

Wengine watasema chanjo imekwisha kuja, basi tupumzike. Chanjo twaisifu, tena kwa fahari. Wasichana 930 wa Mwanza walijitolea katika uchunguzi ulioanza mwaka 2017, na matokeo yao ni miongoni mwa yale yaliyoifundisha dunia kwamba sindano moja yaweza kutosha. Lakini fanyeni hesabu. Nchi yetu ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Hao watatimiza miaka 30 mwaka 2034. Chanjo ni ya binti. Nani atamlinda mama yake, shangazi yake na bibi yake, waliopita kabla chanjo haijafika?

Neno letu la mwisho ni kwa wanaume. Kirusi hiki hakimwangukii mwanamke kutoka mbinguni. Sisi ndio tunaokibeba. Mume anayemkataza mkewe kupimwa kwa wivu, au kwa uvumi kwamba vifaa vya hospitali vinaondoa kizazi, ajue kwamba uvumi huo ni uongo na wivu wake waweza kumfanya mjane. Mpe nauli. Baki na watoto siku hiyo. Akirudi usimhoji kama askari. Muulize kama amekula.

Na kwa Serikali twasema hivi. Taifa hili lilipojitawala lilitangaza vita juu ya ujinga, maradhi na umaskini. Hapa wote watatu wamekutana juu ya mwili wa mama mmoja. Siki iko, kifaa cha joto kipo, mashine ipo, wauguzi wetu wanaweza kufundishwa. Mama akitoka nyumbani kwake alfajiri kwenda kupimwa, arudi jioni amepimwa, amejibiwa na ametibiwa. Neno "rudi kesho" lifutwe katika zahanati zetu, maana kwa maelfu ya mama zetu hiyo kesho haikufika.